Kila Kifungu Kina Mpinzani Wake: Ugomvi Uliotunga Kanuni ya Imani

(Hotuba kwa makatekista, wazee wa kanisa na wanafunzi wa theolojia, Mombasa)

Bwana asifiwe. Na kwa ndugu zetu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Wakubwa wangu mliotangulia, shikamooni.

Nimeombwa nieleze kwa nini Kanuni ya Imani, lile tamko tunalolikiri ibadani, ina maneno iliyo nayo. Nianze na swali ambalo katekista wa Mombasa halikwepi, awe anakaa Likoni, Kisauni au Changamwe. Kwenye mihadhara, jirani anasimama na kipaza sauti, anasema Utatu ulitungwa Nikea mwaka 325 kwa amri ya mfalme Konstantino, na kwamba hapo hapo vitabu vya Biblia vikapigiwa kura. Sisi tunakasirika, tunatafuta aya, tunapandisha sauti. Hakuna haja. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliacha kanuni 20 za nidhamu, nazo zinasomeka mpaka leo. Zinazungumzia makleri wanaotoza riba, waumini walioikana imani wakati wa mateso, maaskofu wanaohamahama kutoka mji hadi mji, na katazo la kupiga magoti siku ya Jumapili. Orodha ya vitabu vya Biblia haimo. Orodha inayotaja vitabu 27 vya Agano Jipya, hivi hivi tulivyo navyo, iko kwenye barua ya Pasaka ya Athanasius, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Na neno Utatu alilitumia Tertullian huko Karthago zaidi ya miaka 100 kabla ya Nikea.

Lakini jirani yetu ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo tusimnyang'anye. Mfalme alikuwepo, tena ndiye aliyeita mkutano. Neno lisilo la Biblia liliingizwa katika imani, na waliokataa kutia sahihi walipelekwa uhamishoni. Ukiyakana hayo umeshindwa kabla ya kuanza.

Njia ninayowapendekezea ni kukiuliza kila kifungu maswali manne. Kiliingia lini? Nani alikuwa anasema kinyume, na alikuwa na aya gani mkononi? Neno gani lilichaguliwa kumjibu? Na neno hilo likazua tatizo gani jipya? Jahazi likipandishwa pwani, fundi hutazama kalafati mpya iko wapi, akajua lilikuwa linavuja upande gani. Kanuni ya Imani isomeni hivyo. Swali la pili ndilo linalorukwa sana. Tunafundisha kana kwamba wazushi walikuwa watu wasiosoma Biblia, kumbe wengi wao waliijua kwa moyo kutushinda sisi.

Mwanzoni hakukuwa na kanuni ya kukaririwa. Kulikuwa na maswali matatu ndani ya maji ya ubatizo: unamwamini Baba, unamwamini Mwana, unamwamini Roho? Kwa kila jibu mtu alizamishwa mara moja. Maelezo yaliongezwa pale yalipohitajika. Marcion alifika Roma karibu mwaka 140 akifundisha kwamba Mungu aliyeumba ulimwengu, yule wa Agano la Kale, ni mwingine na wa chini kuliko Baba wa Yesu. Kanisa la Roma lilimtenga mwaka 144, likamrudishia na fedha alizokuwa ametoa. Ukisoma leo kwamba Mungu Baba ni Muumba wa mbingu na dunia, unasoma jibu wanalopewa watu wa namna hiyo. Kanuni ya Mitume ilikua polepole hivyo hivyo, na umbo lake la sasa lilikamilika karibu karne ya 8. Kifungu cha kushuka kuzimu, Rufinus wa Aquileia aliandika karibu mwaka 404 kwamba kilikuwemo katika kanuni ya mji wake lakini katika ile ya Roma hakimo. Kwa hiyo kijana akiuliza mbona wengine wanakisoma na wengine hawakisomi, msimwambie ni kosa la mpiga chapa.

Sasa tuingie Aleksandria, maana hapa ndipo penye utajiri.

Karibu mwaka 318 padri mmoja aitwaye Arius, mwangalizi wa kanisa la Baucalis, aligombana na askofu wake, Alexander. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: kama Baba amemzaa Mwana, basi Mwana ana mwanzo, na kulikuwa na wakati asipokuwako. Kwa Arius, Mwana ni kiumbe, ingawa ni wa kwanza na bora kuliko vyote, naye ndiye aliyetumika kuumba vingine. Aya alikuwa nazo. Alikuwa na Yohana 14:28, Baba ni mkuu kuliko mimi. Alikuwa na Wakolosai 1:15, mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote. Na kubwa kuliko zote ilikuwa Mithali 8:22, ambako Hekima inazungumza, na pande zote mbili zilikubaliana kwamba Hekima ni Kristo. Mwalimu anayefungua Biblia ya Kiswahili ya Union atakuta "Bwana alikuwa nami katika mwanzo wa njia yake" na hataona shida iko wapi. Biblia ya Kigiriki waliyoitumia wao ilisema Bwana aliniumba. Bila kujua hilo, hamtaelewa kwa nini watu waligombania mstari mmoja wa Mithali kwa miaka 60.

Maaskofu walikutana Nikea, mji unaoitwa İznik leo, nchini Uturuki, katikati ya mwaka 325. Walisafiri kwa gharama ya serikali. Mapokeo yanasema walikuwa 318, hesabu ya watumishi wa Abrahamu katika Mwanzo 14:14, na hesabu inayolingana na Biblia kiasi hicho inafaa kutiliwa shaka. Wanahistoria wengi husema kati ya 220 na 300.

Athanasius, aliyekuwepo kama shemasi wa Alexander, alieleza baadaye jinsi kikao kilivyokwama. Maaskofu walitaka kutumia maneno ya Biblia peke yake. Wakapendekeza: Mwana ametoka kwa Mungu. Watu wa upande wa Arius wakanong'onezana, wakakubali, maana 1 Wakorintho 8:6 inasema vitu vyote vimetoka kwa Mungu, hata sisi. Wakapendekeza: Mwana ni mfano wa Baba. Wakakubali pia, maana 1 Wakorintho 11:7 inasema mwanamume ni mfano na utukufu wa Mungu. Wakapendekeza: Mwana ni nguvu ya Mungu. Hapo nao wakakubali, maana katika Yoeli 2:25, kwa Kigiriki, hata nzige wanaitwa nguvu kuu ya Mungu. Kila neno la Biblia lililowekwa mezani lilikuwa na mlango wa nyuma. Ndipo likachukuliwa neno ambalo upande ule usingeweza kulimeza, *homoousios*, yaani wa asili moja, ambalo katika Misa linasomwa "mwenye umungu mmoja na Baba". Waanglikana wana tafsiri yao, lakini mpangilio wa vifungu ni ule ule, na hapa nitanukuu ya Misa.

Kwa hiyo mtu akikuuliza kwa nini imani ina neno lisilo katika Biblia, mpeleke kwenye nzige wa Yoeli. Neno liliingia kwa sababu ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya maana ya maneno ya Biblia, na huwezi kuamua maana ya maneno kwa kuyarudia yale yale.

Mwishoni waliokataa kabisa walikuwa maaskofu wawili, Secundus wa Ptolemais na Theonas wa Marmarica. Walipelekwa uhamishoni pamoja na Arius. Hapa ndipo mafundisho yetu mengi hukomea, na hapa ndipo yanapopotoka, kwa sababu Nikea haikumaliza kitu. Ilifungua miaka 56 ya vurugu.

Sababu ni gharama ya lile neno. Kwanza, mtaguso wa Antiokia wa mwaka 268, uliomhukumu Paulo wa Samosata, askofu wa mji huo, ulikuwa umelikataa neno hilo hilo. Pili, masikioni mwa maaskofu wengi wa mashariki lilinuka uzushi wa Sabellius, aliyesema Baba na Mwana ni mmoja tu anayebadili sura. Na hofu yao haikuwa ya bure. Marcellus wa Ancyra, mtetezi mkubwa wa Nikea, alifundisha kwamba ufalme wa Mwana utafika mwisho siku atakapomkabidhi Baba kila kitu, akisimamia 1 Wakorintho 15. Maaskofu wale wakasema: mnaona neno lenu linakotupeleka?

Konstantino mwenyewe alilegea. Alibatizwa mwaka 337 karibu na kufa kwake, na aliyembatiza ni Eusebius wa Nicomedia, rafiki wa Arius. Mwanawe Constantius akavuta upande wa pili. Mwaka 357 huko Sirmium ikatolewa kanuni iliyokataza kabisa mazungumzo ya asili, iwe asili moja au asili zinazofanana. Mwaka 359 maaskofu zaidi ya 400 walikusanywa Rimini, wakazuiwa kurudi makwao mpaka waliposaini kwamba Mwana ni kama Baba, basi, bila kueleza kama vipi. Imani hiyo ndiyo Wagothi waliyoipokea, ikadumu kwao kwa vizazi. Athanasius alifukuzwa jimboni mara tano na watawala wanne, jumla miaka ipatayo 17. Kama Konstantino ndiye aliyetunga Utatu, basi hakuna aliyeibomoa kazi yake kwa bidii kama mwanawe.

Kilichotatua mambo ni kazi ya subira, zaidi ya nguvu za mfalme yeyote. Mwaka 362 Athanasius aliitisha kikao kidogo Aleksandria, akawauliza waliosema nafsi moja na waliosema nafsi tatu kila kundi linamaanisha nini. Ikaonekana wengi wanakubaliana na maneno ndiyo yanayogongana, maana laana zilizofungia kanuni ya Nikea zilikuwa zimetumia maneno mawili ya Kigiriki, la asili na la nafsi, kana kwamba ni kitu kimoja. Basil wa Kaisaria na wenzake wakayatenganisha: asili moja, nafsi tatu. Tunaisema leo kama maji ya kunywa. Iliwachukua muda mrefu kuifikia.

Kanuni ya mwaka 325 ilipofika kwa Roho ilisema tu "na kwa Roho Mtakatifu", ikakata. Baadaye wakatokea waliokiri Nikea kuhusu Mwana lakini wakasema Roho ni mtumishi tu. Konstantinopoli, mwaka 381, maaskofu 150 waliitwa na mfalme Theodosius, na 36 wa upande huo wakatoka kikaoni. Sikilizeni sasa kilichoandikwa: "Bwana mleta uzima, anayeabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana, aliyenena kwa vinywa vya Manabii." Neno la umungu mmoja halikutumika kwa Roho. Hata kumwita Mungu waziwazi hawakuandika. Walikuwa wameona neno moja lilivyowagharimu, wakaamua kusema jambo lile lile kwa njia ya ibada, kwamba anayeabudiwa pamoja na Mungu hawezi kuwa kiumbe. Kwangu hiki ndicho kifungu kilichoandikwa kwa busara kuliko vyote. Na katika kanuni hiyo hiyo kuna "nao ufalme wake hautakuwa na mwisho", maneno ya Luka 1:33. Sasa mnamjua anayejibiwa: Marcellus, mtu wa upande wao wenyewe.

Watu hawa msiwadhanie malaika. Mwenyekiti wa kwanza, Meletius wa Antiokia, alifariki mkutano ukiendelea. Wa pili, Gregory wa Nazianzus, alijiuzulu kwa kuchoshwa na maneno. Wa tatu, Nectarius, alikuwa afisa wa serikali ambaye hakuwa hata amebatizwa alipochaguliwa askofu.

Mitaguso miwili iliyofuata, Efeso na Kalkedonia, naomba tuitazame tukiwa na ramani ya Bahari ya Hindi mkononi, kwa kuwa ugomvi huu ulifika maji yetu. Swali lilikuwa: kama Kristo ni Mungu kweli na mtu kweli, vinakaaje pamoja? Nestorius, askofu wa Konstantinopoli tangu 428, alikataa Maria aitwe Mzazi wa Mungu. Aliona afadhali Mzazi wa Kristo, akiogopa watu wasije wakafikiri umungu ulianzia tumboni. Cyril wa Aleksandria akamjibu: ukimgawa hivyo, nani aliyekufa msalabani? Cyril alifungua mtaguso wa Efeso tarehe 22 Juni 431 kabla maaskofu wa Antiokia hawajafika, na Nestorius akavuliwa cheo siku hiyo hiyo. Waantiokia walipowasili wakafanya kikao chao, wakamvua Cyril. Mfalme kwanza akazikubali hukumu zote mbili. Baadaye Cyril akawatumia wakuu wa ikulu zawadi, na orodha yake imebaki: dhahabu, mazulia, viti vya pembe za ndovu. Mtakatifu ndiye, na hongo ndiyo hiyo. Mwanafunzi akilikuta jambo hili mwenyewe bila kuambiwa nanyi, hatawaamini tena hata katika yaliyo sahihi.

Kalkedonia, Oktoba 451, maaskofu zaidi ya 500 hawakutaka kuandika kanuni mpya. Efeso ilikuwa imekataza. Makamishna wa mfalme wakawalazimisha watoe ufafanuzi. Rasimu ya kwanza ilisema Kristo ni "kutoka" asili mbili, ya Mungu na ya mtu. Makamishna wakakumbusha kwamba Dioscorus, askofu wa Aleksandria baada ya Cyril, aliyekuwa amekwisha kuvuliwa cheo, naye anakubali "kutoka" mbili, asichokubali ni "katika" mbili, yaani kwamba zinabaki mbili hata baada ya kuungana. Rasimu ikarudishwa kamatini, ikatoka ikisema "katika asili mbili", na mbele yake vizuizi vinne: bila kuchanganyika, bila kubadilika, bila kugawanyika, bila kutenganishwa. Viwili vya kwanza vinamkinga mtu asizame upande mmoja, viwili vya mwisho upande wa pili. Katikati kunatokeaje, hawakueleza.

Kwa kihusishi hicho kimoja Wakopti, Waarmenia, Wasiria wengi na, pamoja na Wakopti, majirani zetu Waethiopia walibaki nje. Waliomheshimu Nestorius walikuwa na makao Uajemi. Shule yao ya Edessa ilipofungwa na mfalme mwaka 489, walimu walivuka mpaka wakaenda Nisibis, na Kanisa la Mashariki likasambaa kwa njia za biashara. Katika karne ya 6 msafiri Cosmas aliandika kwamba Wakristo wa kisiwa cha Socotra walipata makleri wao kutoka Uajemi. Fransisko Xavier, mwaka 1542, alipita Malindi, kisha Socotra, akawakuta bado wapo. Hiyo ni njia ya kaskazi na kusi wanayoijua manahodha wa hapa Bandari ya Kale. Na ugomvi haukufa. Mwaka 1973 Papa Paulo VI na Shenouda III wa Wakopti, na mwaka 1994 Papa Yohane Paulo II na Mar Dinkha IV wa Kanisa la Mashariki, walitia sahihi matamko kwamba imani yao juu ya Kristo ni moja ingawa maneno yalitofautiana.

Juu ya "atokaye kwa Baba na Mwana" nitapita haraka. Maneno "na Mwana" hayakuwemo mwaka 381. Yaliingia magharibi, kwanza Hispania na kisha kwa Wafaranka, kama silaha nyingine dhidi ya mabaki ya wafuasi wa Arius. Papa Leo III mwanzoni mwa karne ya 9 aliikubali maana yake, lakini akaikataa nyongeza, akaandikisha kanuni bila maneno hayo kwenye mabamba ya fedha huko Roma. Roma yenyewe iliyaimba katika Misa mwaka 1014. Waorthodoksi wa Kenya, walio chini ya Patriaki wa Aleksandria, hawayasemi. Mkiwa na ibada ya pamoja, ulizeni kabla ya kuchapisha karatasi za ibada.

Nimalizie na kesi iliyomgusa askofu wa mji huu. Juni 1913 wamisionari wa makanisa mbalimbali walikutana Thogoto, Kikuyu, katika misheni ya Waskoti, kupanga shirikisho. Mwenyekiti alikuwa askofu wa Uganda, J. J. Willis, na pamoja naye William George Peel, askofu wa Mombasa. Msingi waliokubaliana ulikuwa Maandiko pamoja na Kanuni ya Mitume na ile ya Nikea. Mwishoni Peel akaongoza Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Wapresbiteri, na wasio Waanglikana wakashiriki. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, alipopata habari alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akitaka maaskofu hao wawili washtakiwe kwa uzushi na mfarakano.

Tumieni yale maswali manne hapa, kama zoezi la darasani. Juu ya Nikea hakukuwa na ugomvi, Weston na Peel walikiri kila neno. Weston alilalamika kwamba mpango ule umeiacha Kanuni ya Athanasius (ambayo kwa kweli Athanasius hakuiandika, ni ya Kilatini na ya baadaye) na, zito zaidi, haukuuweka uaskofu kuwa sharti. Alihofia kwamba kanisa lisilo na askofu likihesabiwa sawa, basi hata anayelinda ile imani ya mwaka 325 hatajulikana ni nani. Peel na Willis walikuwa na hofu ya namna nyingine. Mkristo aliyebatizwa na Wapresbiteri, akija kufanya kazi Mombasa, akatazwe Meza ya Bwana kwa sababu gani?

Davidson alikataa kufungua kesi ya uzushi, akalipeleka swali kwa kamati, na jibu likatoka Pasaka ya 1915: wageni wanaweza kukaribishwa kwa hiari ya askofu, lakini ibada kama ile ya Kikuyu isirudiwe. Uingereza watu walitania kwamba ibada hiyo imempendeza Mungu sana, ila isifanyike tena kamwe. Peel alifariki mwaka 1916. Mwaka 1918 Weston mwenyewe alikwenda Kikuyu na mapendekezo yake ya umoja, akasikilizwa kwa heshima, wala hawakuafikiana. Mpresbiteri na Mwanglikana wa Mombasa wanakiri Kanuni ya Mitume ile ile, na swali la nani awekewe mikono na nani kabla ya kushika kikombe bado liko mezani.